Iko Poa

Kijana alikuja na begi la shule mgongoni na Sh8,000 kwenye simu. Tulikutana Luthuli, kwenye kibanda cha fundi mmoja wa laptopu ambaye huniruhusu kutumia skrini yake kujaribia vitu. Nilikuwa nauza kombo: prosesa, bodi yake na RAM, vyote vikiwa vimeshikanishwa tayari. Fundi akachomeka umeme. Skrini ikawaka. Kijana akainama, akapitia namba moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani, kisha akanigeukia.

"Mkubwa, iko aje?"

"Iko poa."

"Haijawahi kukusumbua?"

"Haijawahi."

Joto lilikuwa digrii 38. Hakukuwa na uongo kwenye ile skrini. Ila usiku uliotangulia nilikuwa nimekaa sakafuni na brashi ya rangi, nikatoa vumbi kwenye feni, nikapangusa pesti iliyokauka na kupaka mpya, nikaingia kwenye mipangilio na kurudisha kila kitu jinsi kiwanda kilivyokiacha. Nilimwosha mbuzi kabla ya kumpeleka Dagoretti. Kwa mwaka mmoja na miezi minne ile prosesa ilikuwa imechapa kazi ikiwa imesukumwa kupita namba yake, usiku kucha, ndani ya chumba cha mabati Kawangware, na aliyeisukuma ni mimi. Kijana hakuuliza hilo. Mimi sikusema.

Alituma pesa, simu yangu ikalia, akaiweka kombo kwenye begi katikati ya vitabu. Nikapanda 46 kurudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeuza vizuri. Furaha yenyewe iliisha kabla hatujafika Hurlingham.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nilidhani ni dogo. Nilichomfanyia yule kijana ni kosa? Na kama ni kosa, lilianzia wapi: pale Luthuli nilipofunga mdomo, au ule usiku wa kwanza nilipoamua kwamba kitu kilichoandikwa 3.1 lazima kifike 3.7?

*

Kwa wale ambao hawajawahi kufungua kompyuta: prosesa ina saa ndani yake. Si saa ya kukwambia ni saa ngapi. Ni pigo, kama la moyo, na kwa kila pigo kazi kidogo inafanyika. Yangu ilikuwa Ryzen 3 1200, kitu cha mwaka 2017, ya bei ya chini katika ukoo wake. Viini vinne, na vyote vikishika kazi pamoja, mapigo bilioni 3.1 kwa sekunde. Bodi ilikuwa ya B350, na hapo ndipo bahati yangu ilipokuwa. Ndugu yake wa bei rahisi zaidi, A320, hakuruhusu uguse mwendo wa prosesa. B350 inakuruhusu. Unaingia kwenye BIOS, unabadilisha namba, unawasha upya. Wenyewe wanaiita ovaklokingi. Sisi tulisema tu kusukuma.

Mtu wa Pwani akisikia tunaita kitu hiki kombo atacheka, maana kwake jambo likienda kombo limeharibika. Na makombo ni chakula kilichobaki kwenye sahani ya mwenzako. Maana zote mbili zinanifaa. Nilinunua mabaki ya mtu mwingine, kisha nikaenda nayo kombo mwenyewe.

Nilikuwa nahariri video. Nilianza na ruracio, mazishi na ibada za Jumapili, baadaye nikapata vipande vifupi vya kutangaza sabuni na mikopo, kazi ya ofisi moja kule Westlands iliyolipa kwa kila kipande. Ukimaliza kukata na kupanga, mashine inabaki kuikamilisha video yenyewe, na hapo hakuna la kufanya ila kungoja. Saa nzima, wakati mwingine. Nilikuwa nakaa kitandani nikitazama mstari wa kijani ukitambaa, na kila dakika niliiona kama shilingi inayoanguka mtaroni.

Hesabu yenyewe ni hii, na naomba usiiruke kwa sababu hoja yangu yote imeikalia. Ukiongeza mwendo wa prosesa, joto linaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Lakini mwendo mkubwa unataka volti zaidi, na volti huhesabiwa mara mbili: volti mara volti. Nilitoka 3.1 hadi 3.7, yaani ongezeko la asilimia 19. Ili isizime njiani nikapandisha volti kutoka 1.2 hadi 1.4. Zidisha zote pamoja utaona joto limepanda kwa zaidi ya asilimia 60. Kazi ya saa moja ikawa inaisha kwa dakika 50.

Nilinunua dakika kumi. Bei yake ilikuwa joto lile la mwanzo, na zaidi ya nusu yake tena juu.

Nilizifanyia nini zile dakika kumi? Nilipokea kazi nyingine.

*

Kuna watu watasema hapo hapo: kosa liko wazi, namba iliandikwa, ungeiheshimu. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Hii methali tumelelewa nayo na sina ugomvi nayo. Ila sikubali kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi ni amri.

Angalia inavyopatikana. Prosesa nyingi hukatwa kutoka sahani moja ya silikoni, kama chapati zinazotoka donge moja la unga. Zikishakatwa zinapimwa. Inayostahimili mwendo mkubwa inaandikwa jina kubwa na kuuzwa ghali. Inayoshindwa kidogo inaandikwa jina dogo. Hadi hapo ni haki. Lakini soko linataka za bei rahisi nyingi kuliko zile zilizoshindwa kweli, kwa hivyo kuna nzima zinazoandikwa jina dogo ili tu rafu ijae. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, ya bei rahisi, mapigo milioni 300. Watu waligundua kwamba ukibadilisha mpangilio mmoja wa bodi, nyingi zilikimbia 450 bila shida. Theluthi nzima ya uwezo wao ilikuwa imelala. Mwaka 2010 kampuni hiyo hiyo ikafanya jambo lililowaudhi wengi: ilianza kuuza kadi ya dola 50, unakwaruza, unaingiza namba, na Pentium G6951 uliyokwisha kuinunua inafunguka na kupata uwezo ambao ulikuwa ndani yake tangu mwanzo. Mpango ule haukudumu. Lakini ulituonyesha wazi kwamba kuna mipaka ambayo ni maumbile na kuna mipaka ambayo ni bei, na zote mbili huandikwa kwa wino mmoja.

Sisi wa hapa hatuhitaji silikoni kuelewa hili. Tulifanya KCPE, mtihani ambao watoto wa mwisho waliufanya mwaka 2023. Ulikuwa na miaka kumi na tatu au kumi na nne, asubuhi chache za Novemba, na namba moja inatoka inayosema utakwenda shule gani, na shule inasema utajuana na nani. Mimi nilipata namba ya kawaida. Niliivaa miaka mingi. Kwa hivyo ule usiku wa kwanza nilipoona 3.7 kwenye skrini na mashine haikuzima, nilisimama katikati ya chumba nikacheka peke yangu. Haikuwa furaha ya gemu. Ilikuwa furaha ya kuona kitu kilichoandikiwa kidogo kikikataa.

Kwa hivyo jibu langu la kwanza ni kwamba kusukuma si dhambi. Anayekwambia ukae ndani ya namba yako mara nyingi ndiye aliyeiandika.

*

Halafu kuna Kipchoge, ambaye ni lazima atajwe, maana kila mtu anayetaka kutusukuma humtaja.

Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na zaidi kwa saa 1:59:40. Tulikuwa tumejazana mbele ya skrini mjini, watu wamesahau walikokuwa wakienda. Toka siku hiyo kila ofisi ina bango linalosema binadamu hana mipaka, na bosi wa Westlands alikuwa nalo ukutani juu ya mashine ya maji. Alilitumia kunieleza kwa nini vipande vinane kwa siku vingeweza kuwa kumi na viwili.

Ila bango halionyeshi siku yenyewe ilivyokuwa. Njia ilichaguliwa ikiwa tambarare, kwenye bustani ya Prater. Siku yenyewe iliachwa wazi ndani ya muda fulani ili ingojwe hali nzuri ya hewa. Wakimbiaji 41 walipokezana kumzunguka, wakiukata upepo kwa niaba yake. Gari mbele lilichora kwa mwanga barabarani pale alipopaswa kuwa. Kwa sababu ya msaada wote huo ule muda haukuandikwa kama rekodi rasmi ya dunia. Sisemi haya kumpunguza. Nasema kinyume chake: mtu aliyekwenda mbali kuliko wote ndiye pia aliyepozwa kuliko wote. Na yeye mwenyewe alitaka. Alijua mwili wake ulipofika, na angeinua mkono wakati wowote, mambo yakaishia hapo.

Bosi alichukua muda wa Kipchoge. Wale watu 41 akawaacha Vienna.

*

Sasa tuje kwa joto, ambalo ndilo nililokuwa nikilikimbia.

Nilipoanza kusukuma nilidhani feni inaua joto. Haiui. Hakuna kitu kinachoua joto. Pesti inalitoa kwenye prosesa na kulipeleka kwenye bati, bati linalitawanya kwenye mapezi yake, feni inalisukuma hewani. Kupoza ni kuhamisha. Joto limetoka hapa limekwenda pale, na mahali pale pana mtu.

Hewa yenyewe ya Nairobi ina mambo yake. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Feni ile ile, ikizunguka kasi ile ile, hapa inabeba hewa kidogo zaidi. Hewa inayomjenga mkimbiaji kule Kaptagat ndiyo inayoinyima mashine pumzi. Lakini hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko chumba kilichomo. Joto la chumba ndio sakafu; mengine yote yanajengwa juu yake. Chumba kikiwa digrii 20 au kikiwa 33, prosesa inaanzia hapo.

Kawangware na Lavington zimepakana. Unatembea tu Gitanga Road na lami inabadilika, miti inaanza, ukuta unapata maua. Prosesa yangu ingekuwa upande ule, ndani ya nyumba ya mawe yenye dari na kivuli cha mti, ingekimbia 3.7 ikiwa imetulia. Upande wangu, chini ya mabati, mchana wa Februari, ilifika digrii 88. Ni silikoni ile ile, kazi ni ile ile, na mwenye kuisukuma ana bidii ile ile. Kilichotofautiana ni hewa waliyopewa. Ukiona kimoja kimedumu na kingine kimekufa, utasema kile cha pili kilikuwa dhaifu. Watu husema hivyo kila siku, na hawasemi kuhusu prosesa.

Na mahali pale palipokuwa pakipokea joto langu palikuwa na mtu. Nilikuwa naishi na dadangu mdogo, yuko Kidato cha Nne, anajitayarisha kwa KCSE. Chumba ni kimoja, pazia linakigawa. Mimi niko upande wa meza na mashine, yeye upande wa kitanda na kitabu. Kuanzia saa tatu usiku feni ilikuwa inanguruma kama posho mill, na hewa moto ilitoka nyuma ya kasha moja kwa moja kwenye pazia. Niliipanga hivyo mimi. Ukuta ulikuwa karibu mno, na mashine ilihitaji nafasi ya kutolea pumzi.

Usiku mmoja nilimkuta anasoma amekaa mlangoni, miguu nje, taa ya simu mdomoni. Nikamuuliza kwa nini hakai kitandani.

"Hiyo kitu yako haipoi, brathe," akasema bila kuinua macho. "Inanitupia mimi joto."

Nilimjibu kwa hasira kwamba hiyo kitu ndiyo inalipa karo yake. Ilikuwa kweli. Hadi leo sijui kwa nini kweli hiyo hainisaidii.

*

Nitasema jambo moja kuhusu mwili wangu, kisha nitaendelea. Miezi ya mwisho ya ile kazi nililala saa nne, wakati mwingine tatu. Siku moja nilisimama mbele ya wakala wa M-Pesa pale Kangemi, nataka kutoa pesa ya kodi, na PIN ikapotea. Namba nne ambazo vidole vyangu vimeziandika kila siku kwa miaka sita. Nilisimama pale nikitazama simu. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nilitoka kwenye foleni nikaenda kukaa kwenye jiwe hadi zikarudi.

Prosesa ikikaribia digrii 95 hujipunguza mwendo yenyewe. Haiombi ruhusa. Haiogopi kuitwa mvivu. Inashusha namba hadi joto lishuke, na ikishindwa kabisa inazima kabla haijaungua. Kitu cha bei ya chini, kimetengenezewa heshima hiyo kwake mwenyewe. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa nimeuzima ule ulinzi wangu kwa kahawa ya pakiti.

Na lugha ilinisaidia kujificha. Kupoa ni kupungua joto. Chai inapoa, uji unapoa, hasira ya mzee inapoa. Lakini mjini hapa tumelifanya neno hilo kuwa salamu. Niaje? Poa. Kazi? Poa. Mathe? Poa. Tunaambiana tumepoa kutwa nzima, watu ambao hawajapoa tangu Januari. Anayefanya kazi bila kivuli tunasema yuko jua kali, na tumelisema mara nyingi hadi hatusikii tena jua ndani yake. Mtu akishindwa mbele ya watu tunamwambia amechoma. Maneno yote ya joto tunayo midomoni, na bado nilipoulizwa pale Luthuli, neno lililonijia haraka ni lile linalosema hakuna joto.

Kwa hivyo naanza kuona kosa lilipo. Haliko kwenye 3.7. Swali si namba imepita ngapi. Swali ni nani anachukua kasi na nani anabaki na joto. Vikikaa kwa mtu mmoja, huo ni uamuzi wake, na hata akikosea amekosea kwake. Vikitengana, kuna mtu anatumiwa.

Tazama kwa ukubwa zaidi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa hapa Kenya, kupitia kampuni ya Sama, walikuwa wakisoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji na kuyawekea alama, ili programu za OpenAI zijifunze kuyatambua na kuyaepuka. Malipo yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 hivi kwa saa. Baadhi yao walieleza yale waliyoyasoma yalivyokataa kuwatoka akilini. Ukitumia ile programu ukiwa popote duniani, inakujibu kwa adabu na haraka. Imepoa. Joto lilihamishwa. Lilikuja hapa, likaingia kwenye vichwa vya watu wa rika letu, na jioni wakapanda matatu nalo.

*

Najua pingamizi, kwa sababu nilijipa mwenyewe kila usiku. Msee, hii yote ni falsafa ya mtu aliyeshiba. Kodi ni tarehe tano. Mwenye nyumba haulizi volti. Ukimwambia kijana wa Kawangware asijisukume, unamwambia abaki na namba aliyoandikiwa, na hiyo ndiyo namba uliyoikataa mwenyewe hapo juu.

Ni pingamizi zito na silikwepi. Nilijisukuma, na ile karo ililipwa. Singerudi nyuma nikaifuta. Na sitakwambia upumzike, maana pumziko pia lina bei, na wanaolihubiri mara nyingi wana dari.

Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Anayejua kusukuma kweli, si yule wa kujaribu bahati, haanzi na mwendo. Anaanza na kipimajoto. Anafungua dirisha la joto kwenye skrini kabla hajagusa namba yoyote, anapanda hatua moja, anaipa mashine kazi nzito kwa saa nzima, anatazama. Halafu anajiuliza kama hatua ya mwisho inastahili. Na hapo hesabu ina huruma ambayo sisi hatuna: ngazi za kwanza ni rahisi, za mwisho ndizo ghali. Kutoka 3.1 hadi 3.4 nilihitaji volti kidogo tu. Joto halikuwa la kulalamikia. Ni zile tatu za mwisho zilizomtoa dadangu kitandani. Ningeishia 3.4, kazi ya saa moja ingeisha kwa dakika 55. Dakika tano zingepotea. Dakika tano, na mtoto angesoma amekaa kitandani.

Sikuwahi kumuuliza. Hilo ndilo kosa, na liko wazi kiasi kwamba naona aibu limenichukua kurasa hizi zote kulifikia. Nilitazama kipimo cha prosesa kila usiku. Yeye alikuwa na kipimo chake, alikuwa na mdomo, alikuwa mita mbili kutoka kwangu. Kule Westlands nilikasirika kwamba bosi hakuniuliza hata siku moja nalala saa ngapi. Kisha nikarudi nyumbani nikafanya vile vile kwa mtu niliyekuwa na uwezo juu yake.

*

Tumrudie kijana wa Luthuli.

Umeme ukipita kwenye nyaya nyembamba zilizo ndani ya prosesa husogeza chembe za shaba kidogo kidogo, kama maji yanavyosogeza mchanga. Volti ikiwa juu na joto likiwa juu, husogea haraka zaidi. Huoni kitu. Mashine inawaka, gemu zinacheza, digrii 38. Lakini baada ya muda inahitaji volti zaidi kidogo kufanya kazi ile ile, na siku moja inakwama bila sababu, na mwenye nayo anadhani ni yeye aliyeharibu. Pengine haitatokea. Ile yangu ingeweza kuishi miaka mingine mitano. Lakini nilikuwa nimetumia sehemu ya maisha yake, nikala faida, nikauza kilichobaki kwa jina la kizima. Kasi ilikuwa imekuja kwangu. Joto nililiweka kwenye begi la shule katikati ya vitabu vya mtu mwingine.

Namba yake ilikuwa kwenye ujumbe wa M-Pesa. Ilinichukua siku kumi na moja. Nilipiga Jumamosi mchana, nikamweleza yote: kwamba niliisukuma, kwa muda gani, kwamba niliirudisha na kuisafisha usiku kabla ya kukutana naye. Nikasema namrudishia Sh2,000 leo, na ikizima ndani ya miezi sita anirudishie, nitampa pesa yake yote.

Alinyamaza. Nilisikia mtoto akilia nyuma yake, na redio.

"Sasa mkubwa," akasema, "si ungesema tu?"

"Ningesema."

"Ningenunua bado. Ila ningekupa sita."

"Ndiyo hiyo elfu mbili natuma."

Akanyamaza tena, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ile yangu ya usiku ule nilipocheka peke yangu chumbani.

"Na ilifika ngapi?"

Nikamwambia. 3.7. Akapiga mluzi. Nikampa na zile namba nyingine ambazo hakuziuliza: volti 1.4, digrii 88, mchana wa Februari, mlango ukiwa wazi. Nikamwambia kwamba 3.4 inakaa vizuri na volti kidogo tu. Halafu nikamuuliza mashine ameiweka wapi.

"Kwa hao. Ni chumba moja, niko na mathe na wadogo zangu wawili."

"Basi kabla hujaipandisha," nikamwambia, "waulize."

"Wao? Hawajui chochote kuhusu kompyuta."

"Waulize kama kuna joto."